Nani Amekataza?

Sentensi ya kwanza ya Kiingereza ambayo mtoto wa Kenya huimudu nzima, bila kukwama, ni ya kuomba kwenda msalani. "Teacher, may I go out?" Huijua kabla hajaweza kuhesabu hadi ishirini kwa lugha hiyo, na huisema mkono mmoja ukiwa hewani. Nimefundisha Kiingereza katika shule za msingi sehemu kubwa ya maisha yangu, na naamini sentensi hiyo imetuponza. Yenyewe haina ubaya, adabu ni adabu. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishia hapo hapo. Mtoto anafundishwa kuomba, kisha anafundishwa kukatazwa, na anamaliza shule ya msingi bila hata siku moja kufundishwa kutoa ruhusa, kuinyima, wala kumuuliza anayemkataza: kwa idhini ya nani?

Sangailu ndiko nilikoyaona haya.

Mimi ni mzaliwa wa Witu, upande wa Lamu. Nilipelekwa kufundisha Ijara mwaka 2003, mwaka ambao elimu ya msingi ilifanywa ya bure nchini na madarasa yakafurika. Sangailu iko huko Ijara, kusini mwa Garissa, pale nyika inapokaribiana na msitu wa Boni. Ukitoka mji wa Masalani unashika barabara ya udongo, na mvua za gu, yaani masika, zikikolea magari hukwama, mji ukabaki peke yake. Wengi wa wakazi ni Wasomali wafugaji, na mali yao ni ng'ombe zaidi kuliko ngamia. Upande wa msituni wako Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, watu wa kurina asali na, zamani, wa kuwinda. Mtoto aliyekaa mbele yangu darasani alikuwa na Kisomali cha nyumbani, Kiarabu cha duksi, yaani chuo cha Kurani, Kiswahili cha sokoni na redioni, ndipo akaja kukutana na Kiingereza changu.

Kitabu tulichokuwa nacho, ambacho watoto walisoma kwa kushirikiana, kilifundisha ruhusa na katazo kwa picha. Kulikuwa na maktaba yenye tangazo la kunyamaza, bwawa la kuogelea lenye masharti yake, na bustani ya mjini yenye kibao kwamba majani yasikanyagwe. Watoto walikariri vizuri. Lakini kibao cha majani kiliwasumbua. Mvulana mmoja aliniuliza kama majani yale yana sumu, au kama yamehifadhiwa yaliwe wakati wa kiangazi, maana kwao hizo ndizo sababu za kumzuilia ng'ombe majani mabichi. Swali lake lilikuwa na uzito kuliko zoezi zima. Kitabu kilitaka ajue maneno ya kukataza, naye alitaka kujua sababu ya kukatazwa.

Siku moja msichana wa darasa la sita alinijia na chupa ya dawa ya ng'ombe. Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia. Kizibo chake cha mpira kilikuwa kimedungwa sindano mara nyingi hadi kimelegea, na karatasi yake imepauka upande mmoja kwa jua. Huko dawa hununuliwa dukani na mfugaji humdunga mnyama wake mwenyewe, kwa sababu daktari wa mifugo yuko mbali na ugonjwa hausubiri.

"Mwalimu, ayeeyo anauliza hapa pameandikwa nini juu ya maziwa."

Kumbe alikuwa amekwisha kumsomea nyanya yake. Maandishi yalisema kwamba maziwa ya mnyama aliyetibiwa "must not be used" kwa chakula cha watu mpaka siku kadhaa zipite. Yeye alimwambia nyanya yake: si lazima maziwa yanywewe. Bibi yule akashangaa. Nani aliwahi kusema kunywa maziwa ni lazima? Akamrudisha mjukuu wake kwa mwalimu.

Msichana hakuwa mzembe. Alifuata Kiswahili sawasawa. Kama "must" ni lazima, basi kanusho lake lingekuwa si lazima. Kiingereza hakiendi hivyo. Ukikanusha "must" unaangukia kwenye marufuku, na ukitaka kusema si lazima inakubidi ushike maneno mengine kabisa, "need not" au "don't have to". Mtahini huliita hilo kosa la alama moja. Kule kwa bibi ilikuwa ni tofauti kati ya kikombe cha maziwa kilichomwagwa na kikombe kilichopewa mtoto mchanga. Tulikaa na msichana, tukaiweka ile sentensi kwa Kiswahili, yeye akaitia Kisomali, akaisema mara mbili mbele yangu kabla ya kukimbia nyumbani.

Njia ya kulifundisha somo lile kwa darasa zima ilikuwa imekaa mbele yangu kila alfajiri. Kabla ya kengele ya shule watoto wale walikuwa wamekwisha kukaa duksi, kila mmoja na ubao wake wa mti ulioandikwa kwa wino wa makaa, na wale wakubwa walikuwa wamefika kwenye mambo ya fiqhi. Niliwauliza: hukumu ni ngapi? Darasa zima likajibu: tano! Wakazitaja bila kusita. Wajibu, ambao ukiuacha una dhambi. Sunna, ambayo ukiitenda una thawabu na ukiiacha huna dhambi. Mubaha, kutenda na kuacha ni sawasawa. Makuruhu, ambayo kuiacha ni bora. Haramu, ambayo huisogelei.

Nikachora ngazi ubaoni, hukumu tano upande mmoja, na upande wa pili tukaanza kuyapanga maneno ya Kiingereza. "Must" ikaenda kwenye wajibu, "should" kwenye sunna, "may" kwenye mubaha, "should not" kwenye makuruhu, "must not" kwenye haramu. Neno nililotaka hasa ni "need not". Niliuliza tuliweke wapi. Kimya kikapita, kisha mvulana mmoja akasema, "Msafiri ndani ya Ramadhani, mwalimu." Alikuwa amelipata barabara. Msafiri amepunguziwa, si lazima afunge safarini ingawa atalipa baadaye, wala hakukatazwa kufunga akitaka. Nikamuuliza: na siku ya Idi? Darasa zima likapaza sauti, "Must not!" Kufunga siku ya Idi ni haramu, kila mtoto pale alilijua hilo tangu hajaanza shule. Tokea siku hiyo sikusikia tena mtoto wa darasa lile akichanganya "must not" na "need not". Walikuwa na mizani ya kukataza na kuruhusu iliyo sahihi kuliko ya kitabu chetu, na hakuna mwalimu wa Kiingereza aliyewahi kuwauliza juu yake.

Mimi katika utoto wangu nilisoma mahali ambapo mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza desturi ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni wa akili, na Wakenya wengi wa rika langu wanaijua kwa ngozi zao. Naisema hapa kwa sababu ngazi ile ya hukumu tano isingepatikana katika darasa la kibao. Ililetwa na watoto kwa Kiarabu cha duksi, wakaijadili kwa Kisomali, mimi nikaipokea kwa Kiswahili.

Kabla sijaendelea na somo nilikwenda kumwona maalim wa duksi. Sikutaka asikie kwa watu kwamba mwalimu wa shule anaweka maneno ya sheria kando ya vibao vya bustani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hakuna ubaya," akasema. "Lakini watoto wangu wanajua mwenye kuhukumu ni nani. Hicho Kiingereza chako, anayehukumu ni nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na swali lake limenifanyia kazi miaka yote tangu hapo. Kwa maana Kiingereza cha matangazo humficha mkatazaji. Kuingia kumekatazwa. Wapitao watashtakiwa. Hairuhusiwi. Ukisoma kibao namna hiyo, utadhani katazo limeota ardhini kama mti.

Na kaskazini mashariki ya Kenya ni nchi iliyoandikiwa makatazo kwa Kiingereza kwa muda mrefu sana. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoiwezesha kuzifunga wilaya za pembezoni, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa nyingine ya kuyatawala makabila ya wilaya hizo kwa masharti ya peke yake. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na mwezi ule ule, tarehe 28, eneo hili likawekwa chini ya hali ya hatari, ambayo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Ijara siku za uhuru alifika umri wa kuoa na kulea akiwa chini ya sheria ambazo wenzake wa Nyeri au Kisumu hawakuzijua. Waaweer nao walikuwa na lao. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Katika maofisi ya Nairobi hiyo ilikuwa hatua ya kuwalinda wanyama, na wanyama walihitaji kulindwa kweli. Msituni Boni ilimaanisha kwamba ujuzi ambao baba alimrithisha mwanawe umegeuka kosa la jinai, kwa karatasi ambayo baba na mwana hawakuweza kuisoma.

Mzee mmoja wa Sangailu, nilipomweleza somo letu, aliniambia kwamba ujanani mwake alibeba vibali vingi vyenye mihuri, na hakuna hata kimoja alichojua kilimruhusu nini hasa. Alikuwa anakitoa, anatazama uso wa mwenye bunduki, na usoni pale ndipo alipoisomea ruhusa yake.

Basi nikawapa watoto maswali manne ya kuliuliza kila katazo na kila ruhusa kwa Kiingereza. Nani amekataza? Amemkataza nani? Mpaka lini? Nani anaweza kuliondoa katazo hilo? Tukavichukua vibao vya kitabuni na kuvigeuza: mahali penye "it is prohibited" mtoto aandike jina la ofisi, mtu au sheria. Akikosa jina, aandike swali.

Mwisho wa mwaka 2006 maswali hayo yalitoka darasani.

Mvua za deyr, yaani vuli, zilinyesha kupita kiasi mwaka huo. Maji yakatuama kila mahali, mbu wakajaa, na Desemba mifugo ikaanza kutupa mimba. Watu wakashikwa na homa kali, wengine wakatokwa damu. Wazee walikuwa na jina la ugonjwa wa mifugo wa namna hiyo, sandik, kwa damu inayomtoka mnyama puani. Wataalamu wakathibitisha kwamba ni homa ya Bonde la Ufa. Ilianza kugunduliwa Garissa, na Ijara iliumia vibaya. Kufikia Machi 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa nchini. Virusi vyake huletwa na mbu, lakini humpata pia mtu anayeshika damu ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, au anayekunywa maziwa mabichi. Ukiyajua maisha ya wafugaji utaona jinsi ugonjwa huo ulivyowaingilia mpaka jikoni.

Serikali ikapiga marufuku kuchinja na kuhamisha mifugo. Soko la mifugo la Garissa likafungwa. Na Idi ya kuchinja ilikuwa inaangukia siku za mwisho za mwezi huo huo.

Shule ilikuwa likizoni, lakini mafuriko yalinikatia njia ya kurudi Witu, kwa hiyo nilikuwapo. Karatasi ya maelezo ilipotufikia, ilikuwa kwa Kiingereza. Vijana wachache niliowafundisha walikuja nayo kwenye baraza ya duka, pamoja na yule msichana wa chupa ya dawa, ambaye sasa alikuwa mkubwa na mwenye sauti ya kusikilizwa. Wazee wakakaa pembeni kusikiliza. Vijana hawakuanza kutafsiri mstari kwa mstari kama nilivyotarajia. Walizitafuta hukumu kwanza. Kuchinja kulikuwa chini ya "must not". Kuchemsha maziwa kulikuwa chini ya "should". Msichana akasimama hapo hapo.

"Mwalimu, hii ni sunna tu. Akiacha hana dhambi. Lakini maziwa mabichi si yanaua?"

Alikuwa amesema kweli. Aliyeandika karatasi ile pengine alitumia "should" kwa upole, kama daktari anavyomshauri mgonjwa. Katika mji uliozoea kupima kila neno la namna hiyo kwa ngazi tano, upole huo ungeweza kuwafanya watu waache. Wakakubaliana, na wazee wakaafiki, kwamba kwa Kisomali watalisema kama wajibu: maziwa lazima yachemke. Nimesoma miongozo mingi ya afya tangu wakati huo, na bado natazama kitenzi kwanza.

Swali la Idi lilikuwa zito zaidi, na hilo halikuwa langu wala la vijana. Maalim ndiye aliyelijibu. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa huko, kuchinja kwa ajili ya Idi ni sunna iliyokokotezwa, haijafika kuwa wajibu, na kuilinda roho ya mtu ni wajibu. Sunna haipandi juu ya wajibu. Akamaliza kwa maneno machache, na watu walielewa, ingawa ilikuwa Idi ngumu. Mfugaji ambaye mwaka mzima hulingojea dume lake la siku hiyo alilitazama likipita mbele yake.

Lililobaki bila jibu ni swali la tatu. Mpaka lini? Karatasi haikusema. Kwa mtu wa mshahara hilo laweza kuwa jambo dogo. Kwa familia ambayo unga, sukari na karo vyote hutoka kwenye ng'ombe anayeuzwa sokoni, katazo lisilo na tarehe ya mwisho ni njaa isiyo na tarehe ya mwisho. Wazee walilibeba swali hilo kwa maafisa, nao wakajibiwa kwamba litategemea chanjo na vipimo. Angalau walikuwa wamejua la kuuliza na wa kumuuliza.

Shule zilipofunguliwa niliongeza kipindi ambacho naona hakipo katika vitabu vyetu hata leo, cha mtoto kutoa ruhusa. Tuliigiza silanga, bwawa la maji ya mifugo, wakati wa kiangazi. Mtoto mmoja ndiye msimamizi wa maji, wengine wanakuja na mifugo yao, kila mmoja anaomba, naye anaamua. Nilimchagua mvulana ambaye tangu nimjue hakuwahi kusema Kiingereza kuzidi neno "present" la kuitikia jina lake. Alisimama kimya kidogo, akawatazama wenzake waliopanga mstari, kisha akaanza. "You may take water for drinking. Everybody may. The calves may come first. You, you must wait. Your cows drank yesterday." Mwenzake akajaribu kubisha, naye akamjibu, "You are not allowed. It is not your day. Tomorrow you may." Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa na sikutia neno. Alikuwa anazisema kanuni za maji anazozijua kutoka kwa baba yake: mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa, ndama hutangulia, mifugo ina zamu. Mtoto aliyeambiwa mwaka hadi mwaka aombe ruhusa hakuwa na la kusema. Alipopewa ruhusa mkononi aitoe yeye, sarufi ilimfuata.

Katiba ya mwaka 2010 ilinipa nyenzo nyingine. Ibara ya 39 inampa kila mtu uhuru wa kwenda na kurudi. Ibara ya 49 inasema anayekamatwa aelezwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, na kwamba ana haki ya kunyamaza. Niliifundisha kwa ngazi ile ile. Wanaotoka Garissa kuelekea Nairobi wanajua maana ya kushushwa kwenye basi pale daraja la Tana na kupangwa mstari kwa ajili ya vitambulisho, na wanajua pia kwamba tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, hivyo hakuna mwenye akili anayesema ukaguzi hauna sababu. Baada ya shambulio hilo kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River ziliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Mimi nilitaka mwanafunzi wangu akisimama mbele ya afisa aweze kusema kwa Kiingereza kilichonyooka na chenye heshima: "Sir, may I know the reason?" Ni "may" ile ile ya kwenda msalani, ila sasa inaomba maelezo.

Februari 2025, rais alipotia saini mjini Wajir tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada ambao watu wa kaunti za mpakani walifanyiwa kabla ya kupewa vitambulisho, mmoja wa vijana wale wa baraza ya duka alinipigia simu. Sasa ni baba wa watoto, na mkubwa wao anakaribia umri wa kuomba kitambulisho. Alikuwa na habari hiyo kwa Kiingereza na alitaka tuipitie pamoja. Nani ametoa ruhusa, hilo lilikuwa wazi. Amempa nani, wazi. Mpaka lini, hakukuwa na kikomo kilichotajwa. Kwenye swali la nne tulibishana hadi salio lake likaisha, naye akanipigia tena kwa simu ya mkewe: tangazo la rais laweza kuondolewa na rais mwingine, au mahakama, au ni mpaka Bunge litunge sheria, na kama ni hivyo, mbunge wao ameshaulizwa?